Malalamiko: Tiketi ya Alhambra mliyotuuzia ilikuwa ya bustani

Mombasa

Kwa Meneja,
Idara ya Safari za Ulaya

KUH: ZIARA YA UHISPANIA, WATU WAWILI, SIKU TISA

Nawasalimu kwa heshima. Heshima yenyewe imebaki kidogo, kwa hiyo mtanisamehe nikiitumia kwa kubana.

Faili letu mnalo na masharti mliyaandika wenyewe, sitawasomea. Naandika kwa sababu ya barua pepe yenu ya juzi, ile ya mistari minne, isemayo kwamba “mteja alifaidi sehemu kubwa ya ziara” na kwamba, kwa nia njema, mnatupa vocha ya asilimia 5 kwa safari ijayo. Safari ijayo! Muuza maziwa amekuuzia yaliyochacha, ukimrudia anakupunguzia bei ununue mengine.

Wiki tatu zilizopita nilichotaka kilikuwa kidogo: mturudishie pesa ya siku ya Granada, mji wenye Alhambra, na mmoja wenu, mtu mzima, ampigie kakangu simu amwombe radhi. Mngefanya hivyo tungekuwa tumemalizana. Sasa naomba msome hadi mwisho, maana hesabu imebadilika.

Jumanne ile, saa nne na robo asubuhi, tulikuwa mlangoni mwa Kasri za Nasrid, kasri za wafalme Waislamu wa zamani, ndani ya ngome ya Alhambra. Ratiba yenu, ukurasa wa tatu, inasema hivi: “Tiketi ya General, kuingia kasrini saa nne na nusu.” Tulifika mapema kwa sababu mlituonya wenyewe kwamba anayekosa saa yake haingii. Mlinzi akaiweka tiketi ya kakangu chini ya mashine, ikawaka nyekundu. Akaiweka yangu, nyekundu vilevile. Akatamka neno moja, “jardines”, yaani bustani, akatuonyesha kwa kidole kule tulikotoka. Nikawapigia kwa ile nambari mnayosema iko wazi usiku na mchana. Kijana wenu alipokea mara ya tano, akanisikiliza, kisha akanijibu: “Mama, si mmeona bustani? Zile kasri ni kuta tu.” Simu ikakatika. Kama aliikata au ilikatika yenyewe, mtamuuliza nyinyi.

Kuta tu.

Kakangu ana miaka 71, na tangu ujana wake kazi yake ni khati. Misikiti kadhaa ya mji huu ina aya alizoziandika kwa mkono wake, na nina hakika baadhi yenu mmesali chini yake bila kujua ni nani. Siku tuliyokuja kulipa, kijana huyohuyo alimuuliza kwa ucheshi, “Mzee, Uhispania kuna nini? Mbona msiende Dubai?” Kakangu hakuudhika. Alivuta kiti akamweleza, kwa utulivu aliowafundishia wanafunzi wake miaka yote, kwamba kuta za kasri zile zimeandikwa. Kwamba maneno “Wala ghaliba illa Llah”, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, yamerudiwa humo tena na tena, juu ya matao, kwenye vigae, kwenye plasta. Kwamba kwenye Ua wa Simba kuna simba 12 wa marumaru waliobeba bakuli la chemchemi, na ukingo wa bakuli hilo umechongwa shairi la Ibn Zamrak, mshairi wa karne ya 14. Akamwambia ametazama picha za khati ile tangu utotoni na angependa kuisoma mara moja kwa macho yake kabla hayajafifia. Kijana aliandika. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikaisoma kompyuta yake kichwa chini miguu juu: “Mteja anataka kuona maandishi.” Fungueni faili, mtalikuta.

Kwa hiyo nisiambiwe hamkujua.

Kuhusu tiketi, nyinyi ni mawakala, mnajua kuliko mimi, lakini nitasema nilichojifunza nikiwa nimesimama juani. Alhambra ina tiketi zaidi ya aina moja. Ile inayoitwa General inakufikisha kila mahali, pamoja na kasri, kwa saa iliyoandikwa. Nyingine ni ya bustani, Generalife na ngome ya Alcazaba, na haikufikishi kasrini hata ulie. Generalife ni jina la mahali: wanasema linatokana na Kiarabu, Jannat al-Arif. Sasa niwaulizeni kwa adabu kabisa: je, mtu wenu aliona “Generalife” akadhani ameona “General”? Sitaki kuamini hivyo. Lakini dhana nyingine niliyonayo ni mbaya zaidi, kwamba alichagua ya bei nafuu makusudi akatutoza ya bei kubwa. Tofauti ya tiketi hizo mbili haifiki shilingi 2,000. Chagueni wenyewe ipi kati ya dhana hizo mnataka niifikishe mbele.

Nilikwenda dirisha la tiketi. Za siku ile zimekwisha, za kesho zimekwisha, za usiku zimekwisha. Tiketi zile huandikwa jina la mtu na pasipoti hukaguliwa, kwa hiyo huwezi hata kumbembeleza mtu akuuzie yake. Na hapo hapo ndipo nilipoona kwamba jina la kakangu mmelikosea, herufi mbili. Langoni alipita kwa huruma ya yule dada wa zamu.

Mtaniambia siku nyingine zilikwenda vizuri. Haya, tuzitazame. Jumapili mlitupeleka Córdoba. Mezquita ni msikiti ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika karne ya 8, ukafanywa kanisa tangu 1236, na Jumapili mchana ni wakati wa ibada, watalii wanasubiri nje. Anayepanga ratiba za watu kwa malipo anapaswa kulijua hilo kabla ya kukata tiketi ya treni. Tulifika adhuhuri, tukakaa kwenye kivuli cha michungwa mpaka saa tisa, tukabakiwa na saa moja ya kutazama nguzo mia nane na zaidi kabla ya treni ya Granada. Saa hiyo moja, nakiri, nitaikumbuka hadi nafa. Matao yale mekundu na meupe hayaishi, unadhani umefika mwisho na kumbe bado. Kakangu alipita kimya, mikono nyuma, hakusali, kwa sababu anajua humo hawaruhusu. Nilimshukuru Mungu kwa saa ile. Nyinyi sikuwashukuru.

Na hoteli. Fomu yenu ina sehemu ya “mahitaji maalum”, nami niliandika kwa herufi kubwa: HAKUNA NGAZI, GOTI. Mkatuweka Albaicín, kule Granada, juu kabisa, kwenye vichochoro vya mawe na vidato ambavyo teksi haiingii. Mtaa mzuri, sikatai, uliongezwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, ukaungana na Alhambra yenyewe. Kakangu aliupanda mara mbili kwa siku akishika ukuta.

Hata kabla ya hapo, viza. Barua ya hoteli mliyotupa ilikuwa na tarehe tofauti na za ndege, tukarudishwa, ikabidi tusafiri Nairobi mara ya pili. Ni treni kwenda na kurudi, na usiku mmoja kwa binamu ambaye hatukupanga kumsumbua. Wakati ule nilijiambia haya ni makosa ya kawaida, binadamu hukosea. Nilikuwa mpole mno. Ningefoka siku ile pengine Jumanne isingetokea.

Ngoja niirudie hiyo Jumanne, maana mara ya kwanza nimeipitia haraka na kuna jambo nimeliruka. Nimeliruka kwa sababu ni gumu kuliandika.

Kakangu aliamka kabla ya alfajiri. Alivaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe usiku, kwa pasi ya kuazima mapokezini. Mfukoni alikuwa na kalamu ya mwanzi, ameichonga upya Mombasa, ameifunga kwenye leso, na daftari dogo lisilo na mistari. Hakukusudia kuandika humo ndani, alisema ataingia nayo tu, atoke, kisha akae nje aandike alichokiona kabla hakijamtoka kichwani. Tulipofika mlangoni alikuwa amekwisha kuitoa kwenye leso. Mashine ikawaka nyekundu. Mlinzi, ambaye simlaumu hata chembe, alijaribu mara tatu, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akajaribu tena. Nyuma yetu kulikuwa na kundi la wanafunzi, likapishwa. Kakangu akasogea pembeni kuwapisha na yeye pia, akisema samahani kwa Kiswahili. Alisema samahani! Mtu aliyelipa.

Nilipowapigia, kulikuwa na kelele za watu, kwa hiyo niliweka simu sauti ya juu. Hilo ndilo nililoliruka. Kijana wenu aliposema “Mama, si mmeona bustani? Zile kasri ni kuta tu,” hakuniambia mimi peke yangu. Kakangu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, kalamu mkononi. Alisikia kila neno. Kutoka pale alipo mpaka ukuta wa kwanza wenye maandishi ni mwendo wa dakika chache. Alinitazama, akaifunga kalamu kwenye leso, fundo la kwanza, fundo la pili, akairudisha mfukoni. Kisha tukaenda kukaa kwenye kasri la Mfalme Charles wa Tano, pale pale jirani, kwa sababu pale kuingia ni bure. Akakaa sana. Mwishowe akasema, “Basi na hizi nazo ni kuta.” Nilicheka kwa vile alitaka nicheke.

Jioni tulisali katika msikiti wa Albaicín, ule uliofunguliwa 2003. Kutoka kwenye bustani yake unaiona Alhambra nzima ng'ambo ya bonde, nyekundu kama jina lake. Ni mandhari ya kadi ya posta. Kadi ya posta angeinunua hapa Mombasa.

Sasa madai yangu. Nimeyatafakari upya tangu vocha yenu.

Siombi tena pesa ya siku moja. Granada haikuwa siku moja kati ya tisa, ndiyo iliyotutoa nyumbani, na mtu wenu aliliandika hilo kwenye faili kwa vidole vyake. Nataka shilingi 824,000, gharama yote ya watu wawili kama ilivyo kwenye risiti yenu. Nataka na gharama za safari ya pili ya Nairobi, risiti nimeziambatisha, isipokuwa ya binamu yangu ambaye alikataa kulipwa. Nataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa kakangu, kwa karatasi ya kampuni, na itiwe sahihi na meneja. Sahihi ya kijana siitaki. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba barua hiyo yaweza kuletwa na tarishi. Nimebadili nia, ailete meneja mwenyewe.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kikomo chake ni shilingi milioni moja, na mtaona kwamba hesabu yangu inaingia humo bila kubanana. Wakili sihitaji, nimefundisha Darasa la Nane miaka 26, najua kusimama mbele ya watu na kueleza jambo. Nakala itakwenda pia kwa mamlaka ya udhibiti wa utalii, pamoja na picha za ratiba yenu, tiketi zote mbili, na ujumbe wa WhatsApp ambao kijana wenu alituma saa tano baadaye: alama ya dole gumba tu.

Tena kuna chama chetu cha walimu wastaafu, watu 34, waliokuwa wameniomba niwaulizie kwenu bei ya Istanbul. Wanasubiri jibu langu. Sijawaambia chochote bado, nawatendea haki. Lakini mkutano wetu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na nikiulizwa nitasema kama nilivyosema humu, mara mbili.

Jambo la mwisho. Hundi iandikwe kwa jina la kakangu, lisiandikwe langu. Na jina lake mliandike kama lilivyo kwenye pasipoti, kila herufi.

Wasalaam,

Mteja wenu,
mwalimu mstaafu