Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu,

Ya kawaida mnayajua: vikao vya kila mwezi vilifanyika, hesabu zilikaguliwa, waliofiwa tuliwashika mkono. Mikopo mipya ni 87, jumla shilingi milioni 4.2, iliyochelewa ni 11.

Lililotugawa ni uamuzi wa kamati kukataa programu ya kupima wakopaji kwa akili unde. Nimesikia ikisemwa kwamba mwenyekiti ndiye aliyewanyima watu mkopo wa dakika tano. Hilo nalijibu.

Programu ile ilitaka kusoma meseji za M-Pesa na namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Namba hizo ni za mashemeji, wateja na majirani, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Mimi ndiye niliyeshikilia ijaribiwe kabla ya kutia saini. Tulichukua mikopo 40 ya zamani iliyolipwa yote, kwa ridhaa ya wenyewe. Mfumo ukawakataa 13. Tisa ni wavuvi na wachuuzi wa samaki: msimu wa kusi, bahari inapochafuka, pesa haziingii kwa wiki kadhaa, mashine ikawahesabu hawana kipato. Kaskazi ikirudi hulipa, daftari letu ni shahidi. Watatu ni akina mama wanaopokea pesa kwa laini ya mume. Mmoja mpaka leo hatujui kosa lake. Tuliletewa alama tupu, 388, bila maelezo.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinamlinda mtu asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake. Na mnakumbuka Worldcoin, mradi uliopiga picha mboni za macho za watu kwa kuwalipa: Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data za mboni za macho zifutwe ndani ya siku 7, kwa kuwa ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha malipo. Mwenye mgonjwa hospitalini naye atabonyeza "kubali" bila kusoma. Ningeamua vilevile leo.

Kikao cha kulijadili kiliitishwa mara mbili. Kati ya wanachama 164 walifika 31, kisha 27. Inauma, maana waliolalamika zaidi kwenye WhatsApp hawakuwamo. Ada hawajalipa 58, shilingi 69,600.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mfumo wa kumbukumbu utakaobaki mikononi mwetu, na mafunzo kwa vijana mfadhili akipatikana.

Wenye malimbikizo wamwone mweka hazina kabla ya kura.