Mtumbwi wa vijito: soma hii kabla hujatoa pesa

Asheville, North Carolina

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi wazima, hofu ni kwako na familia hapo Knoxville.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umeona Dagger Ocoee inauzwa kwa bei ya kutupa, na unauliza kama itakufaa kwa mto Tellico na vile vijito vya Cumberland mvua zikianza. Kwa kazi hiyo, hapana. Ocoee ni mtumbwi mzuri sana, ila ulibuniwa kwa mito mipana yenye mawimbi: una urefu wa futi 11 na kitu, na pembe za chini ni kali ili ukate maji ukiulaza ubavu. Pembe hizo hizo kwenye kijito zinakwaruza mwamba na kunasa pale ambapo wewe unataka kuteleza.

Wewe umelelewa na Nile ya Jinja, kwa hiyo nianzie hapo. Kule maji ni mengi na mazito, na sehemu kubwa ya mwamba iko chini kabisa. Kijito cha Appalachia kinateremka ngazi kwa ngazi, kina cha maji mara nyingine hakifiki goti, na mwamba ndio njia yenyewe. Unashuka, unagonga, unateleza, unageuka nyuma ya jiwe, unashuka tena. Chombo chako cha wazi, kisicho na sitaha, kitachota maji karibu kila ngazi. Hilo ndilo naomba ulishike kuliko yote: mtumbwi wa kijito unauchagua kwa kuangalia maji yatakayoingia ndani. Ndoo tano za lita 20 ni kilo 100. Kilo 100 zinazokimbia huku na huko kati ya magoti yako, na ngazi inayofuata iko mita 15 mbele, ndizo zinazowapindua watu. Mwamba unasingiziwa tu.

Kwa hiyo umbo. Tafuta chombo kifupi, futi 8 na nusu hadi 10 hivi, chenye omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) zilizonyanyuka sana kama ndizi, na tumbo kubwa kwenye ncha zote mbili. Mnyanyuko unafanya omo itue juu ya maji baada ya kushuka badala ya kuzama. Ujazo wa ncha ndio unaoirudisha juu upesi ikizama. Omo iwe ya mviringo, butu. Omo nyembamba ikiingia chini ya ngazi inaweza kujichomeka kati ya mawe mawili, maji yakakusukuma kwa nyuma, na hapo umebanwa. Hatari hiyo Jinja huijui sana, huku ndiyo ya kwanza kuiogopa.

Plastiki ya chombo iwe polietilini iliyomiminwa kwenye kalibu. Ni nzito, na chombo kikiwa na vifaa vyake vyote kinafika kilo 25 hivi, lakini inateleza kwenye mwamba na inavumilia kugongwa. Mitumbwi mingi ya mtumba utakayokutana nayo, pamoja na hiyo Ocoee, ni ya Royalex, plastiki ya tabaka tabaka yenye moyo wa povu. Ni nyepesi, lakini mwamba unaila: ngozi ya juu ikiisha kwenye omo na tezi, povu linabaki wazi. Na Royalex yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2014, kwa hiyo yoyote unayoiona ina umri. Esquif, watengenezaji wa mitumbwi wa Quebec, Canada, walitoa T-Formex kama mbadala wake, ila kwa vijito mimi ningebaki na polietilini.

Majina ya kutafuta si mengi. Esquif wana L'Edge, na kabla yake walikuwa na Taureau ambayo bado inaonekana kwa mtumba. Blackfly wana Option. Silverbirch wa Norfolk, Uingereza, wana Covert 9.3, na namba hiyo ni urefu, futi 9 na kidogo. Soko ni dogo, watengenezaji wanahesabika, na chombo kipya kilichokamilika ni suala la dola 2,000 hivi au kupita. Ndiyo maana wengi tunasubiri mtumba. Kusubiri miezi minne si kitu kibaya, mradi usubiri mahali panapofaa. Mwisho wa Septemba kwa kawaida Nantahala Outdoor Center, karibu na Bryson City, wanafanya tamasha lao lenye soko la vifaa vya mtumba, na Septemba hiyo hiyo kuna tamasha jingine la wapiga kafi, Gauley Fest, kule Summersville, West Virginia. Jiunge pia na East Tennessee Whitewater Club, wapo hapo hapo karibu nawe. Wenye mitumbwi ya aina hii ni wachache na wanajuana, kwa hiyo chombo kizuri mara nyingi kinauzwa kwa mdomo kabla tangazo halijaandikwa. Nunua kiangazi, vijito vikiwa vikavu. Ukingoja mvua za baridi, kila mtu anataka kile unachokitaka.

Ukifika kwa muuzaji, omba atoe mifuko ya hewa yote. Asipotaka, aga na uondoke. Nenda na tochi yenye nguvu. Kama plastiki ni ya rangi nyepesi, mwombe akuinamishie mtumbwi kivulini, weka tochi ndani, wewe angalia kwa nje. Pale plastiki iliposagika utaona mwanga unapita kama kwenye kitambaa kilichochakaa, na mara nyingi ni chini ya kiti na pale tezi inapotua baada ya kila ngazi. Mwanga hafifu uliotanda ni uchakavu wa kawaida. Doa linalong'aa peke yake, ukubwa wa kiganja, ni mahali patakapotoboka.

Kisha pitisha ukucha kwa kukata mikwaruzo, sio kuifuata. Ukucha ukinasa, bonyeza plastiki kwa gumba kando ya mstari huo. Mkwaruzo unabaki ulivyo, ufa unafumbua mdomo. Angalia zaidi kuzunguka matundu ya bolti, maana nyufa hupenda kuanzia hapo: bolti ikikazwa kupita kiasi bila washa (kile kipete cha chini yake) pana, kila pigo la mwamba linakuja kuishia kwenye tundu lile. Halafu futa ubavu kwa mkono mkavu. Ukitoka na unga wa rangi, chombo kimelala juani miaka mingi na plastiki imeanza kuwa kavu. Chenye kiraka kilichoyeyushwa kwa moto kwenye tumbo usikichukue kwa vijito, hata kwa nusu bei.

Umri usiuulize, usome. Mitumbwi inayouzwa Marekani ina namba ya chombo yenye herufi na tarakimu 12, imechorwa nyuma upande wa kulia karibu na ukingo. Ya Canada inaweza kutanguliwa na herufi za nchi. Tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Muuzaji akisema "miaka mitatu tu" na mwisho wa namba ni 12, mmeshamaliza mazungumzo ya bei.

Sasa vifaa vya ndani, na hapa ndipo watu wanapoumia mfuko. Mtumbwi mtupu bila vifaa si bei nafuu, ni nusu ya mtumbwi. Hesabu kiti cha kupigia magoti, mikanda ya mapaja, pedi za magoti, vizuizi vya vidole vya miguu, mifuko miwili ya hewa na kamba zake, pampu, betri. Kila kisichokuwepo kitoe kwenye bei mbele yake, kimoja kimoja.

Kiti kiwe inchi 7 hadi 9 kutoka sakafuni. Kikishuka unatulia zaidi lakini vifundo vya miguu vinalia, kikipanda miguu inapumua lakini unayumba. Mikanda ya mapaja lazima ifunguke kwa mvuto mmoja, na isiwe na ncha ndefu zinazoning'inia, kwa sababu ndizo zitakazokunasa mguu chombo kikiwa juu chini. Vaa viatu vyako vya majini ukijaribu vizuizi vya vidole: mguu ukiingia kwa kusukumwa, hautatoka kwa haraka. Kiti cha polietilini kishikwe kwa bolti. Gundi haishiki vizuri kwenye plastiki hiyo, hata ukiisugua kwa msasa. Sponji kwa sponji ndiyo inashika: tumia gundi ile ya mafundi viatu, paka pande zote mbili, tabaka jembamba mara mbili, subiri dakika 15 hadi 20 mpaka ukigusa haivuti kidole, ndipo ubandike. Ukishagusanisha huwezi kusogeza tena, kwa hiyo chora mstari kwanza.

Mifuko ya hewa ijaze chombo chote isipokuwa pale unapokaa. Kila lita ya hewa ni lita ya maji isiyoingia. Ifungwe kwa kamba ya milimita 3 au 4 iliyopita zigizaga toka ukingo hadi ukingo, na mkanda mmoja wa kwenda urefu, la sivyo mfuko utapanda juu maji yakiingia chini yake na hautakuwa na faida yoyote. Ukifunga mtumbwi juu ya gari, legeza mifuko kidogo, jua linatanua hewa na mshono unafumuka. Ukifika mtoni uingize majini kwanza, usubiri dakika chache, halafu ongeza hewa, maana maji baridi yameshaisinyaza.

Pampu. Utasikia wanaoona ni anasa. Kwenye mto mpana unaweza kwenda ukingoni ukamwaga, lakini kwenye kijito mara nyingi ukingo haupo, kuna jabali. Pampu ya galoni 1,100 kwa saa, ya volti 12, kwenye karatasi inatoa lita 70 hivi kwa dakika. Ikilazimika kupandisha maji hadi ukingoni inatoa pungufu, kwa hiyo lita 100 zihesabie dakika mbili tatu. Inakula ampea 3 hadi 5, na betri ya lithiamu ya ampea-saa 6 inatosha siku nzima kwa kuwa unaiwasha vipande vipande. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya betri, swichi yenye kifuniko cha mpira mahali mkono unapofika bila kuachia kafi, na betri kwenye boksi lisilopitisha maji. Kinachoua pampu ni majani na mchanga: kichujio chake kifungue na kukisafisha kila ukitoka mtoni. Ikikaa kimya, shuku kwanza viungo vya waya, maana ndivyo vinavyooza kwa unyevu.

Na uiweke wapi? Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani chini katikati ya chombo maji yanapokusanyika, na kwenye mtumbwi uliopinda kama ndizi hilo ni kweli tupu. Maji yote yanarudi katikati, kwa hiyo mdomo wa pampu ukae pale pale kwenye ngama, kando au nyuma tu ya kiti. Ukikuta pampu imefungwa mbali tezini, ujue aliyeifunga alitafuta nafasi, hakufuata maji. Ihamishe.

Usinunue bila kuujaribu kwenye maji yaliyotulia. Piga magoti ukiwa umevaa kila kitu, jaketi, helmeti, kamba ya kuokolea, na uangalie ukingo katikati ya chombo umebaki juu ya maji kiasi gani. Ukipata pungufu ya shubiri moja, mtumbwi ni mdogo kwako, hata kama umeupenda. Kisha pinduka makusudi, mara tatu, utoke. Mtu awe amesimama pembeni. Ukichelewa kutoka hata mara moja, rekebisha mikanda kabla ya kufikiria kijito.

Ukikosa kabisa, kuna njia ya pembeni: kayaki ya vijito ya mtumba. Hizo ni nyingi kuliko mitumbwi kwa mbali. Unang'oa kiti, unaweka kiti cha kupigia magoti, unapata mtumbwi wenye sitaha, C1, usiochota maji kama huu. Chagua iliyo pana na kubwa kuliko ambayo ungeikalia, kwa sababu ukipiga magoti uzito wako unapanda juu, na hakikisha magoti yanapita kwenye mdomo wake kuingia na kutoka.

Kafi inchi 56 hadi 60, na la akiba lifungwe ndani. Kwa kuanzia nenda Tellico maji yakiwa ya wastani, na yale maporomoko yake, Baby Falls, uyatazame ukiwa ukingoni kabla hujayashuka. Green Narrows, ile sehemu kali ya mto Green, iache. Mafuriko ya kimbunga Helene, Septemba 2024, yalihamisha mawe kule, na maelezo ya zamani ya njia usiyategemee.

Ukipata chombo, nitumie picha tatu kabla hujatoa hata senti: ngama baada ya kiti na mifuko kutolewa, omo ikipigwa kutokea chini, na ile namba ya tezini isomeke. Nitakujibu siku hiyo hiyo.

Wasalimie mama watoto na wote hapo.

Ni mimi rafiki yako wa huku milimani