Zuhura, mwambie Salma chembe hazijui ziendako

Wete, Pemba

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillah, na mama anakusalimu sana. Barua yako nimeipata, na swali la mwanao Salma limenifurahisha mno. Skuli kaandikishwa kuwa katika difyusheni chembe hutoka penye wingi kwenda penye uchache, naye akakuuliza: "Zinajuaje kama kule ni haba?" Watu wanaikariri sentensi ile, wanafaulu mtihani, na hilo halijawapitia kichwani. Usimnyamazishe mtoto huyo.

Mwambie hazijui. Chembe haina macho, haina haja, wala upande mtupu hauivuti. Molekuli za hewa, yaani chembe zake ndogo ndogo, humo chumbani mwenu zinakwenda mbio, kiasi cha mita 500 kwa sekunde, lakini hazifiki mbali. Kila moja inagonga mwenzake na kugeuzwa upande mwengine, inagonga tena, inageuzwa tena, mara mabilioni kwa sekunde moja. Mbio zote hizo, na bado iko pale pale karibu na ilipoanzia.

Sasa mwambie afikirie kiwanja cha Tibirinzi siku ya Sikukuu. Upande mmoja wamejazana watoto mia, upande wa pili wako kumi, na wote wamefungwa macho, wanatembea ovyo. Watakaovuka katikati kutoka kwenye mia watakuwa wengi kuliko watakaotoka kwenye kumi, kwa sababu tu wao ndio wengi. Hakuna aliyechagua. Baada ya muda pande mbili zinakuwa sawa, na hapo ndipo walimu tunapopita haraka, nami naona ndipo penye uzito: watoto hawasimami. Wanaendelea kuvuka kama mwanzo, ila wanaokwenda ni sawa na wanaorudi. Ukiitazama bilauri ya maji ya rangi iliyokwisha kuchanganyika utadhani imetulia, kumbe ndani hakuna chembe hata moja iliyotulia.

Jambo hili lilionekana kwa macho kabla halijafahamika. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alitazama kwa hadubini vijichembe vya ndani ya chavua vikiwa majini, akaviona vinatetema bila kukoma. Hakukimbilia kusema ni uhai. Alijaribu na vumbi la mawe, nalo likatetema vile vile. Jawabu likaja mwaka 1905, Albert Einstein alipoonesha kwa hesabu kuwa ni molekuli za maji zinazovigonga kutoka kila upande. Mfaransa Jean Perrin akapima, hesabu ikakubali, na mwaka 1926 akapata Tuzo ya Nobel. Mimi nampenda Brown zaidi, kwa lile vumbi la mawe.

Umesema mfano uliompa Salma ni harufu: unafukiza udi chumbani, mtu wa ukumbini anaunusa. Mfano huo upo katika kila kitabu, na hauna kosa, ila unahitaji maneno mawili. Difyusheni peke yake ni ya polepole kupita unavyodhani. Chukua yujenoli, ile molekuli inayoipa karafuu harufu yake. Katika hewa iliyotulia kabisa, ukipiga hesabu, inahitaji karibu siku nzima kusambaa mita moja tu. Tena masafa yakizidi mara mbili, muda unazidi mara nne. Kwa mita kumi ingetaka miezi mitatu na zaidi. Kwa hiyo harufu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, inayokupokea barabarani ukikaribia kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Wawi imeletwa na upepo. Na udi wako umebebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye chetezo, na watu wanaopita, na mlango unaofunguliwa. Difyusheni inafanya kazi yake mwishoni, pale hewa inapofika karibu kabisa na pua.

Basi usije ukasema ni kitu dhaifu. Hesabu hiyo hiyo ukiigeuza upande wa masafa mafupi, inakuwa ya ajabu. Baina ya hewa ya mapafuni na damu pana ukuta mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na hapo oksijeni inavuka kwa muda mdogo kuliko sekunde. Lakini kutoka mapafuni mpaka kidole cha mguu difyusheni ingechukua miaka, na ndiyo maana tuna moyo wa kuisukuma damu. Aliyeandika kanuni za jambo hili mwaka 1855, Adolf Fick, alikuwa mtu wa elimu ya mwili, na sioni ajabu.

Kama Salma anataka kujaribu nyumbani, mpe bilauri mbili, moja maji baridi na moja ya moto, na majani ya chai kidogo kila moja. Ya moto itapata rangi mwanzo, kwa kuwa chembe zake zina mwendo mkali zaidi. Ila mweleze kuwa maji ya moto pia hujizungusha yenyewe, ya chini yakipanda na ya juu yakishuka, kwa hiyo anachokiona si difyusheni tupu. Akitaka kuiona yenyewe, aache bilauri ya maji baridi itulie kwanza, adondoshe tone moja la rangi ya chakula taratibu, na asiiguse mpaka kesho yake. Katika maji msambao ni wa polepole mara maelfu kuliko katika hewa, basi awe na subira.

Na mimi nina swali langu kwake. Huku tunaanika karafuu, na kilo tatu mbichi zinarudi kiasi cha kilo moja kavu. Maji yote hayo yametoka ndani ya ua mpaka ganda, na kutoka ganda mpaka hewani. Kwa nini zikilundikwa pamoja hazikauki hata jua likiwa kali, na kwa nini siku ya jua na upepo zinakauka upesi kuliko siku ya jua bila upepo? Asitazame kitabu. Afikirie wale watoto mia na wale kumi, kisha aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake.

Nisalimie baba Salma na wote hapo nyumbani.

Shoga yako,
Mwanaisha