Kunguru wahesabiwe, na chozi pia

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme neno kuhusu vita dhidi ya kunguru wa Bara Hindi, vita ambavyo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilivitangaza upya mwaka 2024, likisema kwamba litaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Kuangamizwa kwao sikupingi. Ninalouliza ni nani anayehesabu, na anahesabu nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kisauni. Uani kwangu pana mwarobaini ambao chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, walizoea kuning'iniza kiota chao kwenye tawi la chini kila mvua za masika zikikaribia. Mwaka jana, nikiwa barazani na kahawa yangu, niliwaona kunguru wawili wakikishughulikia kiota hicho: mmoja alimchokoza mama mpaka akamwondoa mtini, mwenzake akakishika kwa mguu, akakipasua ubavuni na kumtoa kinda ambaye hata manyoya hajaota. Nilipofika na fimbo, kikombe kilikuwa bado cha moto.

Ndege huyu si wa kwetu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, akaonekana Mombasa mwaka 1947, na tangu hapo hajakosa riziki, kwa kuwa matumbo ya samaki na mabaki ya jikoni tunamwekea wenyewe kando ya barabara. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, leo ni wa kutafutwa kisiwani Mombasa.

Sumu inayotumika hutiwa kwenye vipande vya nyama, na kunguru aliyeila hafi papo hapo. Huruka zake akaenda kufa baada ya saa kadhaa, mara nyingi huko anakolala. Kwa hiyo hata idadi ya waliokufa ni ya kukisia, na hao waliobaki, maadamu majaa yapo, huzaana na kujaza pengo. (Wahenga walisema kunguru hafugiki, nadhani hata kuuawa hakubali kwa urahisi, maana akishauona mtego mara moja, hausogelei tena.)

Ndiyo sababu napendekeza Pwani iwe na kituo chake cha utafiti na uhifadhi wa wanyama wa asili, kitakachoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Bahari tayari ina Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) hapa hapa mjini, lakini Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori ina makao yake makuu Naivasha, mbali na chozi, mbega wa Diani na sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kazi yenyewe si ngeni Pwani: Watamu, shirika la A Rocha Kenya hunasa ndege kwa nyavu, huwapima, huwavisha pete mguuni, kisha huwaachilia.

Wanafunzi wa elimu ya wanyama, ambao hata hivyo hutakiwa kwenda nyanjani, wangepita alfajiri katika njia zile zile, mwezi baada ya mwezi, Kongowea, Likoni na Bamburi, wakihesabu ndege wote, kunguru na wasio kunguru, kabla ya sumu kutegwa na baada yake. Hapo ndipo tutakapojua kama ndege wetu wanarudi, na kama pesa za sumu zisingefaa zaidi kununulia mapipa ya taka yenye vifuniko.

Ninalo daftari nililoandika tangu 2009 tarehe ambazo chozi huanza kujenga mwarobainini. Kurasa za miaka mitatu ya mwisho zina maandishi machache sana. Kituo kikifunguliwa, nitalipeleka mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa