Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: mtoto wa shule binafsi na huduma za elimu maalumu

Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mtumba, Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Mimi ni mzazi wa binti wa darasa la tano mwenye uoni hafifu. Anasoma katika shule binafsi ya kutwa, ambayo wala si miongoni mwa zile zinazosifika kwa ada kubwa. Tulimhamishia huko akiwa darasa la pili kwa sababu darasa lake la awali lilikuwa na watoto zaidi ya tisini na mwalimu, hata angetaka, hakuwa na nafasi ya kumsomea yaliyoandikwa ubaoni. Na shule ya umma yenye kitengo cha wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu ilikuwa mbali kiasi cha kutulazimu kumpeleka bweni angali na umri wa miaka minane. Ninakuandikia wewe, na si mkuu wa shule yake, kwa kuwa ninalolilalamikia liko nje ya uwezo wa mkuu huyo.

Mwaka jana binti huyu alifanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Shule ilitoa taarifa zake wakati wa usajili, na siku ilipofika Baraza la Mitihani la Tanzania lilimletea karatasi ambazo maandishi yake yamekuzwa, akaongezewa na muda kwa utaratibu uleule wa watahiniwa wa shule za umma wenye hali kama yake, yaani dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hakuna aliyeuliza ada yake hulipwa na nani. Alirudi nyumbani akisema amesoma maswali yote bila kuinama mpaka pua iguse meza, nami, badala ya kufurahi, nikajikuta nikizihesabu siku nyingine zote za mwaka ule.

Katika siku hizo nyingine hatambuliwi. Tuliiomba halmashauri yetu vitabu vya kiada vya maandishi makubwa vinavyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, tukaomba pia mwalimu wa elimu maalumu afike shuleni walau mara moja kwa mwezi kuwaelekeza walimu wake. Tulijibiwa kwa maandishi na kwa adabu, jambo ninalolishukuru, kwamba vitabu vimegawiwa kulingana na idadi ya wanafunzi wa shule za umma, na kwamba mwalimu huyo ni mtumishi wa umma asiyeweza kutumwa kufanya kazi katika biashara ya mtu. Neno hilo la biashara ndilo lililonikaa kichwani. Shule ile ina mmiliki, ni kweli, lakini macho yanayohitaji msaada si ya mmiliki.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa na watoto wengine ya kupokelewa katika shule ya umma au ya binafsi, kisha inaagiza kwamba kila mtoto wa namna hiyo apatiwe huduma saidizi zinazolingana na ulemavu wake kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Bunge lilizitaja shule za aina zote mbili kwa majina, tena kwa pumzi moja. Ninaloliona limepungua ni maelekezo ya kiutendaji yatakayomwambia afisa wa halmashauri kwamba agizo la huduma halikuishia kwenye geti la shule ya Serikali.

Najua kuna hoja ya kwamba mzazi aliyeikataa elimu bila ada, inayotolewa tangu mwaka 2016, na abebe gharama zote za uamuzi wake. Ada ninailipa na sijaomba kurudishiwa hata shilingi. Ila ulemavu si sehemu ya uamuzi ule. Binti yangu angekuwa nao hata angebaki alikokuwa, na huko angestahili vitabu vilevile ninavyonyimwa leo. Hoja ya uhaba ninaiheshimu zaidi. Walimu wanaohitimu elimu maalumu, wa Chuo cha Patandi na kwingineko, hawajatosha hata shule za umma, na sitaki mtoto yeyote wa huko apokonywe kitabu ili apewe wangu.

Marekani, kwa sheria yao iliyoanzia mwaka 1975, mamlaka ya elimu ya eneo ilipo shule binafsi hutakiwa kuwatafuta na kuwapima watoto wenye ulemavu waliopelekwa huko na wazazi wao, na kuwatengea fungu la fedha za serikali kuu linalolingana na idadi yao. Hata huko mtoto mmoja mmoja hana haki ya kudai huduma zote ambazo angezipata katika shule ya umma. Nao wamepima uwezo wao. Ila hawakuanza kwa kumfuta mtoto kwenye orodha.

Ninachokiomba ni waraka wako. Uelekeze kwamba upimaji wa mahitaji maalumu unaofanywa na halmashauri uwahusu wanafunzi wote walio katika eneo lake, na kwamba mwalimu anayezungukia shule aweze kupangiwa shule binafsi pale ratiba inaporuhusu, nauli tukichangia sisi wazazi. Kuhusu vitabu, basi tuuziwe kwa gharama ya uchapaji, kwa sababu mpaka sasa, hata nikiwa na fedha mkononi, sijaonyeshwa pa kuvinunua. Ninachofanya ni kurudufu kurasa kwa karatasi za A3 katika duka la vifaa vya ofisi, na michoro ya Sayansi hutoka nyeusi tii. Waraka huohuo uwabane na wamiliki, maana wapo wanaompokea mtoto mwenye ulemavu kwa tabasamu kisha wakamwongezea mzazi gharama isiyoeleweka ya uangalizi.

Barua ya majibu ya halmashauri ninayo, pamoja na cheti cha vipimo vya macho, na niko tayari kuvileta Mtumba siku utakayoniita.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tano