Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: kabla ya kupulizia kwelea kwelea, angalieni nani mwingine kalala hapo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Najua barua nyingi zinazokufikia ni za mbolea, mbegu na bei ya mazao. Yangu ni ya ndege, tena sio wa kufugwa, ni hawa wanaopita Kanda ya Kaskazini kila mwaka kuanzia kama mwishoni mwa Februari mpaka Aprili wakirudi kwao Ulaya na Asia kuzaliana. Nakuandikia wewe na sio mwenzako wa Maliasili kwa sababu ninachokiomba kiko mezani kwako: ni ile kazi ya kupulizia dawa kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaovamia mashamba ya nafaka kwa makundi.

Ukisimama tambarare za Simanjiro au kandokando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu mida ya saa nne asubuhi, jua likishaanza kuchoma, unawaona korongo weupe wanapanda juu wakizunguka taratibu bila hata kupiga bawa, wanabebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa hewa hiyo baharini haipo basi hawavuki bahari pana, wanakwenda juu ya nchi kavu, wanafuata Nile mpaka Sinai, wanapitia Uturuki ndo waingie Ulaya. Njia hii ya Bonde la Ufa na Bahari ya Shamu hupitisha zaidi ya milioni 1.5 ya ndege wakubwa wanaoruka kwa mtindo huo. Hapo sijahesabu mbayuwayu, ambaye ana gramu kama 20 tu na anafika mpaka Ulaya kaskazini, wala keremkerem ambao mara nyingi unawasikia wako juu sana kabla hujawaona.

Anayenipa wasiwasi zaidi ni tai wa nyika za Asia. Anazaliana Urusi, Kazakhstan na Mongolia, na tangu 2015 yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka huu baada ya mvua za mwanzo nilimkuta mmoja katua chini pembeni ya barabara ya vumbi, tai mzima wa mabawa ya mita mbili, anatembea anaokota kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku! Nilimjua kwa ule ukingo wa njano wa mdomo, kwake unakwenda mpaka nyuma ya jicho, tai msasi wetu wa hapa wake unaishia katikati. Nilikaa pale mpaka akashiba akaondoka. Watu wengi wanadhani tai anaishi kwa swala na sungura, kumbe huyu akiwa Afrika anakula sana kumbikumbi, panya na vifaranga vya kwelea kwelea, na hapo kwenye kwelea kwelea ndo tunakutana na wewe Mheshimiwa.

Naomba nieleweke, sitetei kwelea kwelea. Mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linaondoka na tani 10 kila siku inayoenda kwa Mungu, na mkulima wa mtama au mpunga anaweza kupoteza msimu mzima huku anaangalia. Serikali kumsaidia ni haki yake kabisa. Shida ni jinsi inavyofanyika. Dawa inayotumika sana kwa kazi hii barani Afrika ni fenthioni, inamwagwa kutoka angani jioni wakati kwelea kwelea wanaingia kulala, na hiyo dawa haichagui. Aliyelala mti huo huo naye anaipata, na sio wote wanakufa palepale, wengine wanaruka wakiwa na sumu mwilini wanakwenda kuangukia mbali, na kesho yake tai, mwewe na korongo wanawakuta wanatapatapa, mlo rahisi kabisa, wanakula na wao wanaanguka. Na watoto wa vijijini nao wanaokota kitoweo, hilo peke yake lingetosha kutufanya tuwe makini zaidi.

Operesheni ikiangukia Machi au Aprili, maana yake tunapulizia katikati ya msafara. Argentina yaliwakuta, msimu wa 1995 na 1996 dawa ya kuua panzi iliua mwewe wahamiaji kutoka Amerika ya Kaskazini wanaokadiriwa kufika 20,000, na walichofanya ni kuiondoa ile dawa na kuwafundisha wakulima, vifo vikashuka. Kwetu tatizo la kwanza ni kwamba hatuangalii wakati unaotakiwa. Sensa ya ndege wa majini Afrika inafanyika Januari. Siku ya Ndege Wahamaji Duniani ni Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, na ile ya Mei tunapiga picha na mabango wakati wageni wengi wameshaondoka zamani. Ile Machi yenyewe, Aprili yenyewe, hakuna anayehesabu zaidi ya sisi wachache na waongoza watalii wenye darubini zao, halafu mtu akisema ofisini kwamba hakuna madhara yaliyoripotiwa anakuwa hajasema uongo, nani angeripoti?

Ombi langu ni moja: kabla ndege ya kupulizia haijaruka, atumwe mtu anayewajua ndege akakague lile eneo la malalo jioni mbili mfululizo, na akikuta tai, korongo au kozi wamelala humo, kazi isubiri wapite au itumike njia nyingine. Njia nyingine zipo, Kondoa watu wanawanasa kwelea kwelea kwa mitego tangu zamani na wanawala, kitoweo kisicho na sumu. Pale ambapo lazima dawa imwagwe, basi wanakijiji waambiwe mapema na asubuhi yake mizoga ikusanywe ifukiwe, isiachwe.

Tena korongo na tai ni vibarua wa wizara yako bila mshahara, korongo weupe wanafuata viwavijeshi na nzige popote walipo, ukiwaua unabaki na wadudu mwenyewe.

Kuhusu watu wa kukagua usihangaike kutafuta bajeti kubwa. Huku kaskazini wapo vijana wengi waongoza watalii, masika kazi zao zinapungua, wanamtambua kozi wa Amur, yule kozi mdogo anayetoka Asia ya mashariki, kwa kumtazama mara moja tu na wengi wanaingiza wanachokiona kwenye eBird, ule mtandao wa kurekodi ndege walioonekana, kila siku, kwa hiyo hata ratiba ya lini nani anapita mnaweza kuipata kabla ya msimu. Waiteni. Mkitoa tarehe na jina la kijiji siku tatu kabla, watafika, na mimi nitakuwemo.

Mpenzi wa ndege, Kanda ya Kaskazini