Hiyo 2+ si jibu bado

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi, na pole tena. Picha ya karatasi yako ya majibu ya saratani ya titi nimeisoma jana usiku mara tatu. Umeniuliza swali moja tu: "HER2 2+, ndiyo ninayo au sina?" Bado haijulikani, dada, na ndiyo maana nakuandikia kabla hujaonana na daktari Jumatatu.

HER2 si kirusi wala sumu. Ni protini ya mwili wako mwenyewe, unayo tangu kuzaliwa, nami ninayo. Inakaa kwenye utando wa seli, sehemu nje sehemu ndani, na kazi yake ni kuipa seli amri ya kukua na kugawanyika. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17, na kwa kawaida kila seli ina nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika saratani za matiti kama 15 hadi 20 kati ya kila 100, nakala hizo huongezeka mno, protini ikajaa kwenye utando, na amri ya kugawanyika haikatiki.

Unajua kazi yangu maabara ni kupaka rangi vinyama, yaani vipande vinavyotolewa kwenye uvimbe, kisha rangi hupewa alama kuanzia 0 hadi 3+. Tunakata kipande chembamba mno, tunakimwagia kingamwili inayoitafuta HER2, na pale iliponasa rangi ya kahawia inajitokeza. Kwenye hadubini, 3+ haina mjadala: kila seli imezungushiwa mstari mnene wa kahawia, zote pamoja kama wavu uliotandazwa. Kwenye 0 unaona bluu ya viini vya seli basi. Inayotusumbua ni 2+. Mstari upo, umezunguka, lakini umefifia, na watu wawili wazoefu wanaweza kuangalia slaidi moja wasikubaliane.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha FISH, ambacho hakitazami protini bali kinahesabu jeni yenyewe. Tunakaa gizani, jeni ya HER2 inawaka kama nukta nyekundu, na kitovu cha kromosomu ya 17 kinawaka kijani. Tunahesabu seli zisizopungua 20. Nyekundu zikifika mara mbili ya kijani au kuzidi, na wastani wake ukawa nne au zaidi kwa kila seli, jibu ni chanya. Nimewahi kuona seli ambayo nukta nyekundu zimemwagika kama shanga zilizokatika uzi, hazihesabiki.

Nakazania hivi kwa sababu protini inayotutambulisha ugonjwa ndiyo hiyohiyo dawa inayoilenga. Mwaka 1987 daktari mtafiti wa Marekani, Dennis Slamon, na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wenye nakala nyingi za jeni hii saratani yao ilirudi mapema na walifariki mapema. Kwa miaka mingi kuambiwa HER2 chanya ilikuwa habari ya kukata tamaa. Kisha mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayoing'ang'ania HER2, kuizuia kutoa amri, na kuziita seli za kinga zije kushambulia. Tangu 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Lakini asiye na HER2 nyingi haimfai, na inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana moyo hupimwa kabla ya kuanza na katikati ya matibabu. Dawa ya namna hii haitolewi kwa kubahatisha, wala hainyimwi kwa kubahatisha.

Uliza pia kinyama chako kilihifadhiwaje. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini, maji ya dawa ya kukihifadhi kisiharibike, ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kinyama kilicholala usiku kucha kwenye kopo kavu. Rangi ikatoka 0. Daktari wa patholojia hakuridhika, akaomba kingine, nacho kikatoka 3+. Yule mama nusura akose dawa yake kwa sababu ya kopo. Mpaka leo nikishika slaidi yenye 0 namkumbuka.

Na FISH ikija hasi, karatasi hiyo ya 2+ itunze. Kuna dawa ya aina hiyo iliyobebeshwa kemo, yaani dawa kali ya kuua seli za saratani, inaitwa trastuzumabu deruksitekani, ambayo tangu 2022 imekuwa ikiwasaidia hata wenye HER2 kidogo ambao saratani yao imesambaa. Naomba Mungu usiihitaji.

Jumatatu sema tu: "Daktari, naomba FISH kwenye kinyama kilekile." Kipo, kimehifadhiwa ndani ya nta, kama kilitunzwa vizuri, hawatakuchoma sindano nyingine. Ukitoka tu, nipigie, hata kama niko kazini.

Wako,
Zuhura